Mzabibu "unaostahimili baridi" una kazi gani Tanga?

Kila kundi la WhatsApp nililomo, la ukoo, la mtaa, hata la wazazi wa darasa la nne, limepitiwa na tangazo lilelile. Picha ya vichala vyeusi vinavyong'aa, na chini yake: "Miche ya zabibu ya kisasa, inastahimili baridi kali na joto, inazaa miezi sita, tunatuma mikoa yote." Basi watu wakaanza kuvutana. Wa Lushoto wakasema hii ndiyo yetu, sisi ndio baridi inatutesa. Wa Tanga mjini wakasema mti uliozoea theluji hauwezi kushindwa na jua la Chumbageni, tununue. Akatokea mmoja wa Bagamoyo akawakata wote: zabibu bila baridi haizai, ndiyo maana ukiiotesha pwani unapata majani ya kivuli tu.

Wote watatu wamekosea, ila kila mmoja kakosea mahali pake. Fundo lenyewe liko kwenye hayo maneno mawili, "inastahimili baridi", kwa hiyo tulifungue polepole.

Kwanza majina. Mzabibu ni mti, au tuseme mtambaa, maana hausimami bila kushikwa mkono. Zabibu ni tunda, kichala ni zabibu zilizoshikana kwenye kikonyo kimoja. Jicho ni kile kinundu kidogo kinachokaa kwenye kila pingili, pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi. Ukilipasua jicho kwa wembe na kuliangalia kwa kioo cha kukuzia, utakuta tawi la msimu ujao limekunjwa humo na majani yake, na mara nyingi vichala vyake pia vimeshaanza kuumbika. Neno hili jicho lishike, kwa sababu habari yote ya baridi ni habari ya jicho.

Halafu neno "baridi" lenyewe. Tanga mjini, usiku wa Julai, kipimajoto kikisogea kwenye nyuzi 20 tunatafuta sweta. Lushoto, juu kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, mwezi huohuo usiku unaweza kufika nyuzi 10 au chini yake, na watu wanaota moto. Jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi Januari hutokea nyuzi 30 chini ya sifuri. Hesabu vizuri: kutoka Tanga hadi Lushoto tumeshuka nyuzi kumi, na kutoka Lushoto hadi Minnesota tunashuka nyuzi arobaini. Tangazo linapotaja baridi kali, linazungumzia ile ya ngazi ya mwisho, inayogandisha mto hadi gari likapita juu yake. Ya Lushoto haimo hata kwenye mazungumzo hayo.

Baridi hiyo inauaje mti? Ukiisahau soda kwenye friza, asubuhi unakuta chupa imepasuka, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Ndani ya jicho la mzabibu ni hivyohivyo, vijumba vya uhai, yaani seli, vimejaa maji, na maji hayo yakiganda mle ndani vinapasuka na jicho linakufa. Jicho likifa, na vichala vya mwaka huo vimekwenda nalo.

Lakini wanaouza barafu za ubuyu wanajua jambo la pili: pakti ya maji matupu huganda upesi, ya ubuyu iliyokolea sukari huchelewa. Mizabibu ya nchi za kaskazini inafanya biashara hiyohiyo. Siku zinapoanza kuwa fupi, mti unapunguza maji kwenye macho yake, unaongeza sukari, na unafunga njia ya maji kati ya jicho na tawi. Utomvu mchache unaobaki unaweza kushuka chini kabisa ya sifuri bila kuganda. Huko ndiko kustahimili baridi. Ni maandalizi ya miezi kadhaa, na mti usipopewa muda wa kujiandaa, hata ule wa Minnesota unakufa kwa baridi ndogo tu.

Sasa si kila mzabibu unajua kazi hiyo kwa kiwango kimoja. Ule wa Ulaya na Mashariki ya Kati, unaoitwa kitaalamu Vitis vinifera, ndio uliozaa karibu zabibu zote tunazozikuta kwenye maboksi sokoni na nyingi za mvinyo. Macho yake huanza kufa kwenye nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri. Marekani kuna mzabibu pori wa kandokando ya mito, Vitis riparia, unaovuka nyuzi 30 na ushee chini ya sifuri bila kutikisika, ila zabibu zake ni ndogo na chachu ya kukunja uso. Kuna na mwingine wa hukohuko, Vitis labrusca, wenye harufu nzito inayojulikana mara moja. Uzao wake maarufu ni Concord, uliopatikana kwenye bustani ya nyumbani ya Ephraim Bull, katika mji wa Concord, Massachusetts, mwaka 1849.

Wakulima wakaona waifungishe ndoa mizabibu hiyo: utamu wa Ulaya, ugumu wa Marekani. Aliyesifika zaidi kwa kazi hiyo ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Wisconsin, Elmer Swenson, aliyeanza kuchavusha mizabibu kwa mkono shambani kwake mwaka 1943 na kuendelea hadi uzeeni. Edelweiss na Swenson Red ni kazi yake. Baadaye Chuo Kikuu cha Minnesota kikatoa Frontenac mwaka 1996, La Crescent mwaka 2002, Marquette mwaka 2006 na Itasca mwaka 2017. Kwa mwenye bustani wa kule hii ilikuwa nafuu kubwa. Zamani aliyetaka zabibu za Ulaya alikuwa kila mwaka anaushusha mzabibu kwenye nguzo, anaulaza chini na kuufukia kwa udongo kama muhogo, kisha anaufukua baridi ikiisha. Chotara hawa wamewaondolea jembe hilo.

Kwa hiyo aina hizo zipo kweli, ni nzuri, na zimeandikwa kwenye vitabu. Tatizo linaanza zinapobandikwa kwenye tangazo la Tanga.

Kustahimili ni kitu kimoja, kuhitaji ni kingine. Mtu anayestahimili njaa, njaa haijawa chakula chake. Mzabibu wa Minnesota unavumilia theluji kwa sababu hauna budi, na uvumilivu huo ukiuleta mahali ambapo kipimajoto hakijawahi kukaribia sifuri, ni sawa na kununua gari lenye minyororo ya matairi ya theluji ili uendeshe Barabara ya 12. Minyororo haikudhuru, lakini umeilipia bure.

Afadhali ingekuwa bure tu. Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine hawalijui, na ndilo linalonifanya nisimshauri mtu wa pwani kutafuta aina hizi: mzabibu wa kaskazini hausomi baridi kwanza, unasoma urefu wa mchana. Hapa wafungaji watanielewa. Ramadhani ya Tanga ni saa kumi na tatu na dakika zake, iangukie Desemba au iangukie Juni, hatujui tofauti. Ndugu zetu walioko Minnesota, ikiwaangukia Juni wanafunga saa 17 na zaidi. Ikiwaangukia Desemba, kabla njaa haijauma vizuri wanaitwa futari. Mzabibu wa mtoni wa kule umeishi na kalenda hiyo maelfu ya miaka. Mchana ukiwa mrefu, saa 15, unajua ni wakati wa kukua. Mchana ukipungua hadi saa 13 hivi, unajua theluji inakuja, unasimamisha matawi na kuanza kulala.

Umlete huyo Tanga. Mchana wetu mrefu kuliko wote, wa Desemba, haufiki saa 12 na nusu. Kwa mzabibu wenye damu nyingi ya riparia, Tanga ni mwaka mzima wa "lala, theluji inakuja". Unachipua kidogo, unasita, unatoa majani machache, unadumaa. Mwenyewe anaongeza samadi, anaongeza maji, anadhani kauziwa mche dhaifu. Mche hauna kosa, umefika mahali ambapo saa yake haifanyi kazi.

Yule wa Bagamoyo aliyesema zabibu bila baridi haizai alikuwa amekaribia jambo la kweli, akalipita. Mzabibu unataka usingizi. Baridi ni njia mojawapo ya kuulaza, na kwa nchi za kaskazini huandamana na mchana mfupi, ndiyo maana vitabu vyao vinaandika kana kwamba baridi na usingizi ni kitu kimoja. Lakini sisi tunaoishi pwani tunaona kila siku miti inayolala bila baridi. Tazama mkungu pale Raskazone: majani yanageuka mekundu, yanadondoka, mti unabaki vijiti, kisha unachipua upya, na kipimajoto hakijashuka chini ya nyuzi 20. Tazama mbuyu. Hakuna aliyewahi kuupelekea mbuyu barafu.

Nasema barafu kwa sababu nimemwona jirani, mtu mzima mwenye heshima zake, akimwaga ndoo ya vipande vya barafu kwenye shina la mzabibu kila Ijumaa. Kaambiwa inausaidia mti "kupata baridi yake". Baridi inayohesabiwa ni ile inayolifikia jicho, huko juu kwenye tawi, kwa wiki nyingi mfululizo. Ya kwenye mizizi kwa nusu saa ni maji ya kumwagilia yaliyopitia gharama ya umeme.

Ushahidi mkubwa hauko mbali. Dodoma, kwenye kimo cha mita 1,100 hivi, haijui theluji, na ndiyo makao ya zabibu za Tanzania. Wakulima wa kule, na watafiti wa TARI Makutupora, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Bonde la mto São Francisco huko Brazili, upande wa Petrolina, nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, ni vivyo hivyo. Kinachowalazia mizabibu yao ni vitu viwili: ukame na mkasi. Unapunguza maji, majani yanakomaa, matawi yanageuka rangi ya kahawia na kuwa magumu, kisha unakata. Ukikata, jicho lililokuwa limelala linapata ujumbe: amka, zamu yako.

Hili la mkasi ndilo gumu kuliko yote kwa watu wa kwetu, na nimeliona kwa macho yangu nyumbani kwa mjomba, Makorora. Ana mzabibu umepanda juu ya chanja ya uani, umetanda kote, chini yake ndipo anapokaa na birika lake la kahawa baada ya alasiri. Alipewa kijiti na rafiki aliyekitoa Dodoma. Mwaka wa nne huo, vichala viwili, vitatu, vyote huko juu nchani mahali ambapo hata ngazi haifiki.

"Shikamoo mjomba. Huu mti unapogolewa lini?"

"Marahaba. Kupogolewa? Mti unanipa kivuli, niukate kwa kosa gani?"

Tukabishana wiki mbili. Mwishowe akakubali nusu. Upande wa jikoni nikate, upande wa barazani nisiguse. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha. Nikakata matawi yote ya kahawia ya upande ule, kila moja nikaliachia macho matatu, mengine marefu kidogo macho manane kwa kujaribu. Majani yote chini. Mjomba hakusema kitu ila aliuhamishia mkeka upande wa pili. Siku ya tatu akanipigia simu alfajiri: "Njoo uone, mti unalia." Kweli ulikuwa unalia. Kila kidonda kilikuwa na tone la maji safi, likidondoka, linajaa jingine. Alidhani nimeuua. Hicho ni kilio cha kuamka: mizizi inasukuma maji juu, na kwa kuwa matawi yamekatwa, yanatokea pale palipo wazi. Baada ya siku kumi na mbili hivi macho yakavimba, yakawa na manyoya ya waridi kama masikio ya panya, na ilipofika wiki ya tano tukahesabu vichala vichanga kumi na saba upande wa jikoni. Upande wa barazani, vitatu, na vyote nchani.

Kwa nini nchani? Kwa sababu mzabibu usiopata baridi wala mkasi unaamka kwa upendeleo. Jicho la mwisho kabisa linaamka kwanza, na likishaamka linawazuia wenzake wa chini wasiamke. Kule kaskazini baridi ya miezi mitatu inasawazisha mambo, macho yote yanaamka kwa pamoja. Huku lazima usawazishe wewe, ama kwa kukata fupi ili hilo la chini ndilo liwe la mwisho, ama kwa kuliinamisha tawi refu lilale usawa wa ardhi au chini kidogo, macho yote yawe na kimo kimoja.

Ni macho mangapi ya kuacha? Inategemea aina. Nyingi zinazaa kwenye macho ya chini, hivyo mawili au matatu yanatosha. Lakini zile zabibu nyeupe zisizo na mbegu, tunazozikausha kwa ajili ya pilau, macho yao ya chini mara nyingi ni matupu. Ukiikata fupi utapata matawi mazuri bila kichala hata kimoja. Hizo ziachie tawi refu la macho manane hadi kumi na mawili. Usipoijua aina yako, fanya kama nilivyofanya kwa mjomba, changanya, kisha uangalie vichala vimetokea wapi.

Tukishavuka habari ya baridi na usingizi, ndipo tunakutana na adui wa kweli wa pwani, ambaye kwenye tangazo hayumo kabisa: ukungu, ule wa ugonjwa wa majani. Dodoma wanapata mvua za milimita 600 hivi kwa mwaka, na zote katika msimu mmoja. Tanga tunapata karibu mara mbili ya hizo, masika, vuli, na mchoo katikati, na hata siku isiyo na mvua hewa yenyewe unaweza kuikamua. Jani la mzabibu linalokaa na maji usiku kucha linaota ubwiri vinyoya: madoa ya manjano kama mafuta yaliyomwagika upande wa juu, na ukilipindua asubuhi, unga mweupe wenye manyoya upande wa chini. Kuna na ubwiri unga, huu wa vumbi la kijivu juu ya jani na juu ya zabibu zenyewe, ambao wenye mikorosho wanaufahamu ndugu yake. Hapo watu wanakosea dawa. Salfa ya mikorosho inasaidia kwenye ubwiri unga. Kwenye ubwiri vinyoya haifanyi kitu, huko zinatakiwa dawa zenye kopa, yaani shaba. Na salfa usiipulizie jua la saa nane mchana mwezi Februari, itachoma majani. Aina za ukoo wa Concord, salfa yenyewe ni sumu kwao hata kukiwa na kivuli.

Hapa kuna kichekesho kidogo cha maumbile. Mizabibu ya Marekani imeishi na ukungu huu tangu zamani, kwa sababu ukungu wenyewe ulitokea Marekani, ukapelekwa Ulaya katika karne ya 19 na kufanya maangamizi. Kwa hiyo chotara wa Marekani mara nyingi anavumilia baridi na ukungu pia, kwa pamoja, na watu wakamsifia lile la kwanza wakasahau la pili. Sisi tunalihitaji la pili. Ndiyo maana uko uzao mmoja wenye damu ya labrusca, Isabella, uliotoka Marekani na kuenea nchi nyingi za joto na unyevu. India unalimwa kwa jina la Bangalore Blue. Ganda lake linavuka kama koti, harufu ni nzito, wengine hawaipendi, mimi naipenda. Mtu akiniuliza atafute nini kwa ajili ya ua wa Tanga au Bagamoyo, namwambia asiulize kama inastahimili baridi, aulize kama inastahimili mvua, na kama kuna mti wake mkubwa unaozaa sehemu ya joto ambao anaweza kwenda kuuona. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha mti mama, picha zake mwachie.

Wa Lushoto nao wasikilize. Baridi yenu haiwezi kuua mzabibu wowote, hata ule wa Ulaya kabisa, kwa hiyo kulipia ustahimilivu wa theluji ni hasara ileile. Mnachopambana nacho ni ukungu wa asubuhi, ule wa kuzuia hata kuona barabara, unaolowesha majani hadi saa nne. Mnayo faida moja, usiku wenu wa baridi unazipa zabibu rangi. Kwetu pwani usiku una joto, na zabibu nyeusi mara nyingi zinaiva zikiwa na rangi ya mchanganyiko, nyekundu hapa, kijani pale. Watu wanadhani hazijaiva wanazisubiri hadi zinaoza. Onja ya nchani mwa kichala, ile ya mwisho kabisa. Ikiwa tamu hiyo, kata. Na usizikate mapema ukasema utazivundika kama ndizi. Zabibu haivundikwi. Ikishatoka mtini utamu wake umefika mwisho, ikikaa itasinyaa tu.

Kuhusu kupanda nitasema machache kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi. Usipande mbegu: ya zabibu ya dukani haitatoa mti kama mama yake, na nyingi siku hizi hazina mbegu kabisa. Chukua kijiti cha kahawia, unene wa penseli, chenye macho matatu au manne, mawili yafukie, mawili yaache juu, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji. Ndani ya wiki sita hivi kinakuwa na mizizi. Shimo la kuhamishia liwe la sentimita 60 kwa 60, samadi iliyooza vizuri, mahali pa jua lisilopungua saa sita. Chini ya mwembe sahau. Wanaokaa karibu na bahari, udongo wenye chokaa ya matumbawe unawafanya chotara wengi wa Marekani wawe manjano katikati ya mishipa ya jani, kwa kukosa chuma. Udongo wa Tanga unaweza kupimwa hapa jirani, TARI Mlingano, Muheza, kabla hujatumia hela. Tunda la kwanza litegemee mwaka wa pili au wa tatu. Ahadi ya miezi sita mwulize muuzaji inaanza kuhesabiwa lini. Na kama mche wenyewe umetoka nje ya nchi, mwulize kibali na cheti cha afya ya mimea, maana wadudu na magonjwa husafiri bure kwenye udongo wa mizizi. Ilikuwa kwa njia hiyo mdudu wa mizizi aitwaye filoksera alivuka kutoka Marekani na kukausha mashamba ya Ufaransa.

Majira ya kukata, kwa Tanga na Bagamoyo, mimi nimeamua ni mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni masika yakikatika. Toka mkasi hadi kuvuna ni miezi minne hivi, kwa hiyo zabibu zinaiva mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla vuli haijapamba moto. Ukitaka mavuno ya pili utakata Oktoba, majani machanga yatakutana na mvua za Novemba, na utakuwa mtu wa bomba la dawa kila wiki. Wapo wanaoweza. Mimi nina kazi nyingine.

Vile vichala kumi na saba vya mjomba havikufika vyote. Vitano tulivipunguza wenyewe vikiwa vichanga ili vilivyobaki vinenepe, viwili vilishikwa na ubwiri, na kunguru walivigundua vilivyobaki wiki moja kabla yetu. Tukakata chandarua kuukuu, tukashona vifuko, tukavisha kila kichala kifuko chake. Mwanzoni mwa Oktoba alikata cha kwanza, akakipeleka msikitini kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Jana kanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia mlio wa mkasi: "Huu upande wa barazani, umesema macho matatu au manane?"